Mashine ndogo ya kung'arisha mawe, pipa la ratili 3: nunua pipa, ratiba iache kwenye kasha

Ndani ya kasha kuna mota ndogo iliyofungwa kwenye fremu ya bati, rola mbili za kuzungushia pipa, mkanda mmoja wa mpira, pipa la mpira lenye kifuniko cha tabaka mbili, vipakiti vinne vya unga wa kusagia, mfuko wa mawe ghafi na kijitabu kinachoahidi mawe yanayong'aa baada ya wiki nne. Mota na pipa ni vitu vya maana. Mkanda ni wa kuvumilia. Vipakiti vinatosha kuonja tu. Kijitabu ndicho kinachoharibia watu kazi, kwa sababu kinahesabu siku badala ya kutazama mawe.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo mashine nyingi hufia siku ya kwanza. Kibandiko cha nyuma ya mota kisomwe kabla plagi haijaguswa. Uganda tuna volti 240 na hezi 50. Mashine nyingi za aina hii zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zimeandikwa volti 120, hezi 60. Ukizichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla hujasikia mlio. Transfoma ya kushusha volti, ya wati 100, inatosha na inabaki na akiba, lakini iwe transfoma ya kweli, ile nzito yenye chuma na nyaya. Vile vidude vyepesi vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na kikausha nywele hukata wimbi la umeme vipande vipande, na mota haivumilii.

Hata transfoma nzuri haibadilishi hezi. Mota iliyotengenezewa hezi 60 ikipewa 50 inazunguka pole, sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Kazi ya siku 7 inakuwa ya siku 8 na nusu hivi, na mota inapata joto zaidi. Si kasoro ya kuitupia mashine, ila ukiweza kuchagua, agiza yenye volti 220 hadi 240 tangu mwanzo.

Pipa la mpira ndilo sababu ya kununua aina hii badala ya zile za plastiki ngumu zinazouzwa kama vitu vya watoto. Mpira unanyonya pigo. Jiwe likianguka ndani ya plastiki ngumu linapata alama za mwezi mchanga, vijipasuko vya duara vinavyoonekana tu siku ya mwisho jiwe linapoanza kung'aa, wakati huna tena la kufanya. Kelele nazo ni tofauti kabisa. La mpira huwezi kulala nalo chumba kimoja, lakini jirani wa ukuta wa pili hatagonga mlango. La plastiki atagonga.

Udhaifu wa pipa la mpira ni ukingo. Chembe mbili tu za unga zikibaki kati ya kifuniko na ukingo, maji yatavuja usiku kucha, mkanda utalowa na kuteleza, pipa litasimama, na asubuhi utakuta mota moto na mawe yamelala kwenye tope. Futa ukingo na kifuniko kwa kitambaa chenye maji kila unapofunga. Nati ikazwe kwa vidole tu mpaka washa, ile pete iliyo chini ya nati, ibonyee kidogo. Usipake grisi wala mafuta ya kujipaka. Kifuniko huanza kuteleza, na mafuta ya petroli huharibu mpira polepole.

Ratili 3 ni kama kilo 1.36, na huo ni uzito wa mawe, maji na unga kwa pamoja. Wengi huupima kwa mawe peke yake, ndipo mkanda unapokatika wiki ya pili. Mawe ya gramu 900 hadi 1,000 yanatosha. Pipa lijae theluthi mbili, lisizidi robo tatu. Likiwa chini ya nusu mawe yanaruka na kugongana. Likijaa sana hayateremki, yanazunguka na pipa kama abiria. Saizi zichanganywe: machache ya ukubwa wa yai la kware, mengi ya ukubwa wa harage na njegere, ili madogo yasukume unga kwenye mabonde ya makubwa. Maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu. Yakizidi, unga unaogelea badala ya kusaga.

Sikiliza pipa kabla hujaondoka. Sauti nzuri ni kama mvua kwenye mabati ikisikika kutoka mbali, mfululizo, bila mapengo. Ukisikia ko, ko, ko, kuna jiwe linaloanguka peke yake: ongeza mawe madogo.

Sasa hatua ya kwanza, ambayo ndiyo kazi yote. Unga wake ni silikoni kabaidi ya namba 60/90. Namba inafuata matundu ya chekecheo, hivyo inapopanda unga unakuwa laini zaidi. Kwa pipa hili weka vijiko vikubwa 4 vilivyosawazishwa. Kijitabu kinasema siku 7 kisha uendelee na hatua ya pili. Kwa kwatzi, yaani lile jiwe jeupe au la kupitisha mwanga ambalo wengi wetu tutaanza nalo, siku 7 ni kuondoa ncha tu. Unga wenyewe baada ya wiki moja umevunjika ukawa laini, haukati tena, ndiyo maana kuliacha pipa lizunguke wiki tatu bila kufungua ni kuchoma umeme bure. Fungua, mwaga, osha, weka unga mpya, rudisha. Mawe ya mtoni yaliyokwisha viringishwa na maji yanaweza kuwa tayari baada ya mizunguko miwili. Mawe ya kuvunjwa kwa nyundo yanataka mitatu, minne, hata mitano.

Utajuaje kuwa jiwe limemaliza? Likaushe. Jiwe lililolowa hudanganya, kila kitu kinapendeza kikiwa na maji. Likishakauka lishike karibu na dirisha na uligeuze polepole. Kishimo chochote unachoweza kukihisi kwa ukucha hakitaondoka kwenye hatua za mbele. Kazi ya hatua za mbele ni kulainisha uso ulio tayari. Zaidi ya hapo, kishimo hubeba unga mkubwa na kuutapika kwenye pipa la mwisho. Kwa hiyo kila wiki gawa mafungu matatu: yaliyo tayari yaingie kwenye chupa yangoje wenzake, yenye vishimo yarudi pipani, yenye nyufa ndefu yatupwe au yabaki hatua ya kwanza kama wasindikizaji. Mawe yanapungua kwa kusagika, na pengo lijazwe na mengine. Mtindo huu wa kuzungusha bila kumaliza kundi zima hauko kwenye kijitabu, nao ndio unaotofautisha mawe ya kuonyesha na mawe ya kuficha.

Vipakiti vya kasha vinatosha duru moja, basi. Kwa kuwa hatua ya kwanza inarudiwa, agiza unga namba 60/90 angalau mara nne ya kiasi cha hatua nyingine. Mbadala za mjini tusidanganyane. Mchanga wa ziwani ni kwatzi, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, na jiwe lako nalo ni 7. Utasubiri mpaka wajukuu. Silikoni kabaidi inakaribia 9.5, hapo ndipo kukata kunakotoka. Pesti ya kusagia valvu inayouzwa na wenye maduka ya spea mara nyingi ina grisi ndani, italichafua pipa na hutaliosha kamwe. Wanaosaga terazo hutumia mawe ya silikoni kabaidi, lakini vipande vyake haviji vikiwa vimechekechwa kwa saizi, na saizi ndiyo kila kitu.

Mawe gani? Mfuko wa kasha kwa kawaida huchanganya migumu na milaini, nasi tunashauri uuweke pembeni. Nchi hii haina uhaba wa mawe. Hata jina la Jinja linatokana na neno la jiwe. Kipimo cha kwanza ni chupa ya soda na kisu. Jiwe linalokwaruza kioo na ambalo ncha ya kisu haiachi alama juu yake linafaa. Kokoto nyeupe za kwatzi zinapatikana kwenye mito mingi. Upande wa kusini-magharibi, Ntungamo na Kabale, kuna pegmatiti, miamba ya fuwele kubwa, ambayo ndani yake kwatzi hukaa pamoja na madini ya feldspa, ulanga (maika) na berili. Kwatzi na berili zinafaa, ila ulanga utoe wote.

Ulanga ndio adui kwenye mawe ya mto Nyamwamba vilevile. Maji yake yanatelemsha mawe kutoka Rwenzori, mazuri ya mistari, na mengi ni naisi au shisti, miamba ya tabaka zenye ulanga. Yanapendeza yakiwa majini, lakini pipani kwatzi ya 7 inabaki imeinuka, feldspa ya 6 inashuka kidogo, na ulanga wa 2.5 unachimbika kabisa. Unapata jiwe lenye uso wa ndui. Chagua yale ambayo yote ni rangi moja na chembe zake hazionekani kwa macho. Na pale Kilembe usiokote chochote kwenye mabaki ya mgodi wa shaba. Tope la shaba si la kushika kila wiki kwa mikono mitupu.

Marumaru ya Moroto ni 3 tu. Haikatazwi, lakini isage peke yake, bila kwatzi hata moja, na anza na unga wa 120/220 kwa siku chache. Ikiingizwa pamoja na kwatzi, mwisho wa wiki kwatzi itatoka kama ilivyoingia na marumaru itakuwa imegeuka maziwa. Yale mawe mekundu ya marramu ya barabarani yaache huko huko, yanayeyuka kuwa tope.

Kama lazima uvunje jiwe kubwa, lifunge kwenye gunia lililoloweshwa, vaa miwani, kisha gonga. Vumbi kavu la kwatzi likiingia kwenye mapafu halitoki. Ndani ya pipa kila kitu kina maji, hivyo hatari iko kwenye kuvunja, kukata, na kufagia tope lililokauka.

Tope lenyewe, huo uji wa kijivu, lisimwagwe kwenye sinki hata kidogo. Linatuama kwenye kona ya bomba na kushikamana kama saruji. Tumia ndoo mbili, ya kwanza ya kusuuzia na ya pili ya kumalizia, liache litulie usiku mmoja, mwaga maji ya juu, na tope lizike kwenye shimo mbali na mboga.

Hatua ya pili ni 120/220, vijiko 4, siku 7 hadi 10, na hapa haturudii. Ya tatu ni namba 500, kiasi kilekile, siku 7. Mwisho wake jiwe likiwa kavu linatakiwa liwe na mng'ao hafifu kama wa yai lililochemshwa. Kati ya hatua moja na nyingine osha kila jiwe kwa mswaki, osha pipa, osha kifuniko, osha mikono na kucha. Chembe moja ya 60/90 ikifika kwenye pipa la mwisho inachora kila jiwe humo ndani, na utalazimika kurudi nyuma hatua mbili. Ndiyo maana tunasema nunua pipa la pili kwa ajili ya kung'arisha tu, lipakwe alama ya rangi, lisionje unga mwingine. Mpira una tabia ya kumeza chembe na kuzitema baadaye.

Ya nne inatumia oksidi ya alumini laini sana, vijiko 4 hadi 6. Hapa mawe yamepungua na yanahitaji kitu cha kuyakinga yasigongane. Vipande vya kauri au punje za plastiki vinafanya kazi hiyo, na vya plastiki visihame kutoka hatua moja kwenda nyingine kwa sababu unga hujichomeka ndani yake. Punje za mahindi na mchele usijaribu kwenye pipa la maji: zinachacha, zinatoa gesi, na kifuniko kinaruka. Gesi inaweza kujitokeza hata bila nafaka, kutokana na mawe yenyewe. Ukiona kifuniko kimevimba, fungua nje, taratibu, kisha ongeza nusu kijiko cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia mandazi. Siku mbili za kwanza za kila hatua fungua mara moja kwa siku ili kuwa na uhakika.

Baada ya siku 7 za hatua ya nne shika jiwe kavu chini ya taa. Ukiona umbo la taa yenyewe, na si doa jeupe tu, limeiva. Kama limefunikwa na utando mwembamba, malizia kwa sabuni ya mche iliyokwaruzwa, kijiko kimoja na maji masafi, kwa muda wa saa tatu au nne. Sabuni ya unga ya kufulia ina povu jingi na hutafuta njia ya kutoka kwenye kifuniko.

Kuhusu bili, mota ya wati 25 inakula yuniti 0.6 kwa siku. Kazi ya wiki 6 ni kama yuniti 25, zidisha na bei iliyo kwenye risiti yako ya Yaka, umeme wa kulipia kabla. Kukatika kwa umeme kunaudhi ila hakuharibu mawe kama ni kwa saa chache. Kukiwa kwa siku mbili, tope la hatua ya kwanza linaganda chini na kuyashika mawe. Kabla ya kuwasha, toa pipa, litikise kwa mikono mpaka usikie kila kitu kimeachia, ndipo ulirudishe. Mota ikianza na pipa lililoganda, mkanda unakwenda. Kwa sababu hiyohiyo hatupendi matoleo yenye saa ya kidijitali ya kuhesabu siku. Umeme ukikatika nyingi husahau zilipofika na hukaa kimya zikisubiri kubonyezwa, wakati mashine ya kawaida isiyo na akili hujiendeleza yenyewe. Kwenye betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, aina ya risasi, tegemea siku moja hivi, na tumia inveta ya wimbi safi, vinginevyo mota itaunguruma na kupata moto.

Matunzo ni madogo. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila bushi la rola kila wiki mbili. Moja, si matano, maana linalozidi linakimbilia kwenye mkanda. Mota iwe ya kuweza kushikwa kwa mkono. Ikikufanya uuondoe mkono, punguza mzigo au angalia kama bushi limekauka. Isifunikwe kwa kitambaa ili kupunguza kelele. Weka kipande cha tyubu ya gari chini yake badala yake. Mkanda ukikatika Jumapili, mkanda wa ngozi wa cherehani ya miguu, unaokatwa kwa urefu unaotaka na kuungwa kwa kibanio, utakusogeza siku kadhaa. Usilowe tu.

Swali linaloulizwa kila mara: kwa nini usiende kwa mafundi wa Katwe, Kampala, ukachomelewa mashine? Inawezekana, na kwa anayetaka pipa la kilo 5 ni uamuzi mzuri kuliko kuagiza. Kosa la kawaida la mafundi ni mwendo. Mota ya kawaida inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika, na fundi akifunga puli mbili zinazokaribiana pipa linakuwa mashine ya kukamua nguo, mawe yanabandikwa ukutani. Mpe hesabu hii: puli ya mota sentimita 5, puli ya rola sentimita 30, rola yenyewe kipenyo cha sentimita 2.5, pipa la sentimita 15. Rola itazunguka kama mara 233, pipa kama mara 39 kwa dakika, ambayo ni sawasawa. Pipa la bomba la chuma livalishwe mpira ndani, vinginevyo umejitengenezea ile ile ya plastiki ngumu yenye kelele zaidi. Na puli na mkanda vifunikwe kwa bati kama kuna watoto.

Mashine za kung'arisha kwa kutetema badala ya kuzungusha zinamaliza hatua za laini kwa siku badala ya wiki, na zinaacha jiwe na umbo lake, lakini zinataka kuangaliwa kila saa 12 kwa sababu maji yanapungua haraka. Kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi na foleni ya jioni, hapana.

Ukiagiza hii ya ratili 3, kwenye kifurushi kimoja weka pipa la ziada, mikanda miwili, kilo 2 za 60/90, nusu kilo nusu kilo ya 120/220, 500 na unga wa kung'arishia, na mfuko mmoja wa kauri ndogo. Mawe yasiwemo. Mzigo wa ndege unalipiwa kwa kilo, na kokoto ziko mtoni.